Kitulo nje ya barabara: mwongozo kamili wa kufikia kingo, kilele na misitu ambayo wengi huikosa

Malalamiko yanayonifikia kila msimu wa maua yanafanana hadi saa. Watu wametoka Mbeya saa mbili baada ya chai, wamepanda kona za Chimala, wamefika Matamba karibu saa sita mchana na kukuta ukungu umefunika kila kitu. Wamepiga picha maua mawili matatu ya kando ya barabara, baridi imewapiga, wamegeuza gari. Wakirudi mjini wanasema Kitulo haina kitu.

Neno hilo linaniuma. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ina kilomita za mraba 412.9 na aina zaidi ya 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Barabara ya gari ni uzi tu ndani ya eneo hilo. Kingo zinazotazama bonde la Usangu, kilele cha Mtorwi, bonde la Numbe na pindo la msitu wa Livingstone, vyote hufikiwa kwa miguu, na karibu vyote vinataka uwe umeshafika kabla ya saa nne asubuhi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanzia Mbeya, ambaye si mpanda milima, na ana siku mbili au tatu. Ufuate kwa mpangilio. Hatua za mwanzo zinaonekana ndogo, lakini wengi wanaorudi mikono mitupu waliziruka hizo.

## Vitu vya kuandaa

Kati ya Chimala na uwanda wa Kitulo kuna tofauti ya mwinuko ya kama mita 1,500. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Ukiacha nyuzi 28 chini, juu utakuta 18 au 19, na hapo upepo haujaanza. Kati ya Juni na Agosti sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, huanguka juu ya nyasi.

- Sweta zito au jaketi la manyoya, mawili. Moja la kuvaa, moja la kubaki kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye masoko ya Mwanjelwa na Sido mjini Mbeya utapata mazuri ya mtumba.
- Koti la mvua lenye kofia. Mwavuli haufai, upepo wa uwandani utaugeuza ndani nje.
- Suruali ya kitambaa chepesi. Jinzi iache nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito, haikauki siku nzima, na inanyonya joto la mwili.
- Viatu vyenye meno. Msimu wa mvua, buti za mvua wanazovaa wakulima wa viazi kule juu zinashinda viatu vingi vya bei kubwa. Beba soksi jozi tatu.
- Maji lita mbili kwa kila mtu, na pakiti mbili za chumvichumvi za kuchanganya na maji.
- Chakula kisichohitaji moto: viazi vya kuchemsha, mayai, chapati, karanga, ndizi. Kuwasha moto katika nyasi zile ni hatari.
- Fimbo ndefu. Utaitumia kupima tope, kupunguza uzito magotini na kusukuma nyasi mbele ya mguu.
- Tochi ya kichwani, filimbi na pawabenki. Baridi hula chaji; simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu ukiwa bado na mtandao mzuri mjini. Juu mtandao unakuja na kukatika.
- Kitambulisho cha taifa.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa kile unachotaka kuona

Hapa watu hukosea kwa sababu wanataka vyote kwa safari moja. Maua hupamba moto kati ya Desemba na Aprili, na hiyo ndiyo miezi ya mvua, tope na radi za alasiri. Septemba hadi Novemba anga ni safi, njia ni kavu, unaona mbali sana, lakini maua ni machache. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu mwingi.

Mimi kwa safari ya vilele na kingo nachagua Oktoba. Kwa maua nachagua Februari, nikijua kwamba saa zangu za kuona mbali zitakuwa tatu au nne tu kwa siku, tena za asubuhi. Kama ni mara yako ya kwanza na una wikiendi moja tu, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba unaweza kuonja vyote viwili, mvua zikiwa zimeanza kuamsha maua na tope halijawa zito.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kusema kwa sentensi moja unafuata nini: maua, au macho kuona mbali.

## Hatua ya 2: Maliza malipo na kibali kabla hujapanda

Malipo ya hifadhi za taifa hayafanywi kwa pesa taslimu getini. Unatengenezewa namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, kisha unalipa kwa simu au benki. Ukisubiri kufanya hivyo juu, mtandao ukigoma utapoteza asubuhi nzima, na asubuhi ndiyo safari yenyewe.

Piga simu ofisi ya hifadhi siku chache kabla. Uliza mambo matatu: kiwango cha sasa cha kuingia, gharama ya askari wa kuongozana nawe kwa miguu, na hali ya barabara wiki hiyo. Mtanzania hulipa kiwango cha chini sana ukilinganisha na mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki, lakini lazima uthibitishe uraia wako. Kitambulisho kikibaki nyumbani, maelezo hayasaidii.

Uliza pia kibali chako kinadumu kwa saa ngapi. Panga muda wa kuingia ili siku yako ya kutembea isikatwe katikati.

## Hatua ya 3: Lala juu

Hii ndiyo hatua inayotenganisha walioona Kitulo na waliopita Kitulo. Usilale Mbeya. Lala Matamba, au ndani ya hifadhi kama umeweka nafasi.

Sababu ni ukungu. Usiku hewa baridi hutulia na uwanda huwa wazi. Jua likipanda, bonde la Usangu upande mmoja na la Ziwa Nyasa upande mwingine huanza kupata joto. Hewa yenye unyevu hupanda kufuata kuta za milima, ikifika juu inapoa na kugeuka ukungu. Msimu wa mvua jambo hili huanza saa nne au tano asubuhi. Mtu anayetoka Mbeya saa mbili anafika pamoja na ukungu, kana kwamba walipatana.

Njia ya Chimala. Panda gari la kuelekea Chimala, Igawa au Njombe kwenye barabara kuu, shuka Chimala. Hapo kuna magari ya kupanda Matamba. Njia ni ile maarufu ya kona hamsini na saba. Kama unaendesha mwenyewe, panda mchana, tumia gia nzito, piga honi kila kona iliyofungwa na mpishe anayepanda na mzigo. Malori ya viazi na mbao hushuka humo. Mvua ikiwa imenyesha siku hiyo, gari linalovuta magurudumu yote manne si anasa.

Njia ya Isyonje. Kutoka Uyole unafuata barabara ya Tukuyu, unachepuka kushoto Isyonje na kupanda kupitia Kikondo hadi uwandani. Unaingia hifadhi kwa upande mwingine, karibu na shamba la mifugo la Kitulo. Uliza hali yake kabla hujaondoka. Udongo wa kule ukilowa unateleza kama sabuni.

Wanaotokea Njombe wana njia ya Makete, na kwao hiyo ndiyo rahisi zaidi.

Fika unapolala kabla ya saa kumi jioni. Tembea taratibu kijijini, kunywa maji mengi, kula vizuri. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mwili unahitaji usiku mmoja kuzoea. Kichwa kikiuma kidogo ni kawaida. Kikiuma sana pamoja na kichefuchefu, kesho yake usipande juu zaidi.

Umefanikiwa ukiwa umelala saa tatu usiku, viatu viko mlangoni, chakula cha kesho kimeshafungwa.

## Hatua ya 4: Kaa na askari mchore siku

Ndani ya hifadhi hutembei peke yako. Wengi huchukulia sharti hili kama gharama, wakamwacha askari awapeleke anakopeleka kila mtu: kando ya barabara, dakika arobaini, kurudi. Yeye hawezi kusoma moyo wako. Ukimwambia "tunataka kuona maua" atakuonyesha maua ya karibu.

Mwendee jioni ile, msalimie vizuri, kisha sema jambo mahususi. Mfano: "Afande, tungependa kukicha tuwe ukingoni tunatazama Usangu, kisha tupande Mtorwi kama hali inaruhusu. Unashauri tuanze saa ngapi, na gari liishie wapi?" Swali la namna hiyo linamfungulia mlango. Askari waliozoea uwanda ule wanajua okidi zimechanua upande gani wiki hii, tindiga lipi (eneo la maji na tope) limejaa na njia ipi imefunikwa na nyasi.

Panga muda kwa hesabu hii: saa moja kwa kila kilomita 3 za uwandani, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Ni mwendo wa polepole kuliko wa barabarani, na kuna sababu utakayoiona kwenye hatua ya 6.

Mkubaliane pia saa ya kugeuka. Mimi naweka saa sita kamili mchana, tuwe tumefika au hatujafika.

Onyo: usimpe askari shinikizo la kuendelea akisema tugeuke. Anaona wingu ambalo wewe bado hujajua kulisoma.

## Hatua ya 5: Alfajiri ukingoni, juu ya Usangu

Ondoka gizani, saa kumi na moja hivi, tochi kichwani. Lengo ni kuwa ukingoni jua linapochomoza.

Kaskazini mwa hifadhi uwanda unakatika ghafla, na zaidi ya mita elfu moja chini yako ndiyo bonde la Usangu limelala. Ukitazama kaskazini jua linatokea mkono wako wa kulia, kwa hiyo mwanga unapita bondeni kwa ubavu na kila kitu kinapata kivuli: majaruba ya mpunga ya Mbarali, barabara kuu, mstari wa reli ya TAZARA. Saa mbili baadaye jua likiwa juu, bonde lilelile linakuwa bapa na la rangi moja. Watu wanaosema picha zao hazikutoka, mara nyingi walifika saa tano.

Ukikuta wingu limejaa bonde lote chini yako, usisikitike. Keti, vaa sweta la pili, subiri. Wingu hilo huanza kupasuka vipande vipande, na kijiji kimoja kimoja kinaibuka kama kinaoshwa. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilisahau kabisa kupiga picha.

Vijito vinavyoanzia huku hushuka Usangu, huingia Ruaha Mkuu, hupita mabwawa ya Mtera na Kidatu na kuendelea hadi Rufiji. Maji unayoyaruka kwa hatua moja hapa yatazungusha mitambo ya umeme kule chini. Kwa hiyo haja ifanyie mbali na kijito, hatua 70 au zaidi, na uifukie.

Onyo: kaa angalau hatua tano nyuma ya ukingo. Nyasi hutokeza nje ya mwamba na kukudanganya kwamba kuna ardhi. Asubuhi zina umande na zinateleza.

Umefanikiwa ukiwa umeona jua likigusa Usangu, na bado ni saa moja asubuhi, siku nzima iko mbele yako.

## Hatua ya 6: Jifunze kutembea uwandani kabla ya kutafuta kilele

Kwa macho uwanda wa Kitulo ni zulia. Kwa miguu ni mashada ya nyasi yaliyosimama mojamoja, na kati ya shada na shada kuna shimo la tope au maji. Anayetembea kama yuko lami hupinda kifundo cha mguu ndani ya nusu saa.

Weka mguu chini kati ya shada na shada, baada ya kupima tope kwa fimbo, si juu ya shada lenyewe. Shada linainama likikanyagwa pembeni. Hatua ziwe fupi. Fimbo itangulie. Ukiona nyasi zimebadilika na kuwa za kijani kibichi kilichokolea, zenye majani membamba yaliyosimama wima, hapo ni tindiga. Zunguka hata kama mzunguko ni wa dakika kumi. Kuna sehemu unaweza kuzama hadi magotini, na kumtoa mtu huko akiwa amelowa kwenye upepo ni mwanzo wa matatizo.

Msimu wa maua utembee macho yakiwa chini. Okidi nyingi za Kitulo si ndefu. Ziko usawa wa nyasi, nyingine za waridi, nyingine nyeupe, nyingine za kijani zinazofanana na jani mpaka upige magoti. Ndiyo maana wanaopita kwa gari hawazioni. Utakutana pia na jeraniamu, mashubiri, protea, lobelia ndefu kama mtu aliyesimama, na yale maua mekundu na ya machungwa yanayosimama kama mienge.

Usichume, na hasa usichimbe. Chini ya okidi kuna kiazi kidogo ambacho ndicho uhai wake wa mwaka ujao. Kiking'olewa mmea umekwisha. Viazi hivyo vilichimbwa kwa magunia katika nyanda hizi na kuvushwa mpaka Zambia kutengenezea chikanda, na biashara hiyo ni sababu mojawapo ya uwanda huu kulindwa. Picha piga, kisha simama ukiangalia usikanyage la jirani.

## Hatua ya 7: Mtorwi

Mtorwi una mita 2,961 na huhesabiwa miongoni mwa vilele virefu kabisa kusini mwa Tanzania. Watu wakisikia hivyo wanaogopa, ilhali uwanda wenyewe uko karibu mita 2,600. Unachopanda kwa kweli ni kama mita 360. Hakuna kamba, hakuna mwamba wa kukwea kwa mikono. Kinachochosha ni hewa nyepesi na nyasi.

Anza mara tu baada ya ukingo, saa moja au saa moja na nusu asubuhi. Panda kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema katikati. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Simama dakika tano kila dakika arobaini, kula kidogo, kunywa kidogo, hata kama husikii njaa wala kiu. Kwenye baridi kiu hujificha.

Fuata mgongo wa mlima, sio mabonde yake. Mgongoni nyasi ni fupi, maji hayatuami, na ukungu ukija bado unajua kushuka kuko upande gani. Mabonde yanavutia kwa sababu yana kivuli na yanaonekana njia ya mkato, lakini humo ndimo watu hupotea.

Utakutana na vilele viwili vya uongo: unafika juu, unakuta pengine juu zaidi. Mwambie kila mtu kabla ya kuanza, maana aliyejiandaa hakati tamaa.

Juu, siku ikiwa safi, kaskazini kuna Usangu, kusini na magharibi uwanda wote wa Kitulo umetandazwa, na magharibi zaidi mlima Rungwe umekaa kimya na mabega yake mapana. Chaluhangi, wenye mita 2,933, uko ndani ya nyanda hizi pia, na ukibaki na siku ya ziada mwombe askari akupeleke. Huko utakuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutokutana na mtu.

Umefanikiwa ukiwa umekaa kileleni si zaidi ya nusu saa na umeanza kushuka kabla ya saa tano. Furaha ya kilele ndiyo inayowachelewesha watu hadi radi.

## Hatua ya 8: Ukungu, radi na baridi ya kulowa

Sehemu hii isome mara mbili. Kitulo hutembei ukihofia tembo kama Ruaha. Hatari kubwa hapa inatoka juu.

Ukungu ukifunga. Simameni wote papo hapo. Hesabuni watu. Askari atangulie, wengine mfuate kila mmoja akimwona wa mbele yake. Mtu wa mwisho abebe filimbi. Milio mitatu ni kuita msaada, na hiyo isipigwe kwa mchezo. Kama hata askari hana uhakika wa njia, ketini mgongo kwa mgongo mahali pasipo upepo. Ukungu wa huko huja kwa mawimbi, na mara nyingi hufunguka kwa dakika chache zinazotosha kuona mlipo.

Radi. Uwanda hauna miti, kwa hiyo kirefu zaidi pale ni wewe. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi mngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia. Shukeni kutoka mgongoni haraka, msikimbilie mti uliosimama peke yake, achaneni hatua ishirini kati ya mtu na mtu. Fimbo za chuma ziweke chini mbali nawe. Kama hakuna pa kwenda, chuchumaa miguu ikiwa imegusana, usilale chali. Subirini nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho.

Kulowa. Nyuzi 10 na upepo juu ya nguo zilizolowa zinaweza kumwangusha kijana mwenye afya. Dalili ya kwanza ni kutetemeka. Ya pili ni kunyamaza na kujikwaa. Ya tatu ni maneno kuburuta kama mlevi, na hapo hali ni mbaya. Mvue nguo zilizolowa, mvishe lile sweta la akiba, mfunike kichwa, mpe kitu kitamu, mshushe. Usimpe pombe, hata ulanzi. Pombe hufungua mishipa ya ngozi na joto lililobaki linatoka.

Nimewahi kutembea na kundi ambalo kaka mmoja alikataa kubeba sweta la pili kwa sababu asubuhi kulikuwa na jua. Saa nane mchana watu watatu tulikuwa tumemvua mashati na kumvisha ya kwetu. Alipona, lakini tangu siku hiyo nakagua mabegi kabla hatujaondoka, na sioni haya kumrudisha mtu gesti kuchukua sweta.

## Hatua ya 9: Bonde la Numbe, kwa siku ya ukungu

Siku ambayo vilele vimefungwa usilale gesti. Shuka bonde la Numbe. Maporomoko na vijito havihitaji anga safi. Ukungu unayapendezesha zaidi. Njia inaweza kuwa na utelezi, mawe yana utando wa kijani, kwa hiyo usikanyage jiwe lenye maji juu yake kama kuna pembeni. Saa tatu au nne zinatosha.

## Hatua ya 10: Msitu wa Livingstone na kushuka Matema

Hii ni ya siku ya tatu, na si ya kila mtu.

Kusini magharibi uwanda unaishia kwenye msitu na mianzi. Humo wanaishi mbega, na humo anaishi kipunji, kima ambaye wenyeji wa Rungwe walimjua kwa jina siku zote na wanasayansi walimtangaza mwaka 2005. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 iliwakadiria 1,117 tu duniani kote, wengi wao katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Ana manyoya marefu ya kahawia, kishungi kichwani, na ncha ya mkia nyeupe. Nenda mapema, tembea bila kuongea, simama mara nyingi. Utamsikia kabla ya kumwona: sauti nzito kama honi iliyochanganyika na kubweka. Usiwafuate wakikimbia. Kundi likishaogopa halirudi siku hiyo.

Wengi hutosheka na pindo la msitu kisha kurudi, na hiyo ni safari kamili. Wenye miguu imara wanaweza kuomba kuvuka milima ya Livingstone na kushuka hadi Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa. Utasikia ikiitwa matembezi ya nusu siku. Mimi nakuambia panga siku nzima, tangu alfajiri. Ziwa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo unashuka zaidi ya mita 2,000, na magoti hulipa gharama kubwa kuliko mapafu.

Mambo ya kupanga kabla: askari wa kukuongoza hadi atakapokukabidhi, mwenyeji wa vijiji vya chini anayejua njia, pa kulala Matema, na gari. Gari lako likiachwa Matamba halitakufuata. Kurudi ni kwa Kyela na Tukuyu hadi Mbeya. Beba nguo nyepesi na ulale ndani ya chandarua, maana unashukia kwenye joto na mbu. Ukipita vijijini anza na shikamoo kwa wazee, eleza unatoka wapi na unakwenda wapi. Ukiishasema hivyo, watoto watakuonyesha njia za mkato ambazo ramani ya simu haina.

Onyo: kama goti lilikuuma kushuka Mtorwi, njia hii iache. Katikati yake hakuna pa kupanda gari.

Umefanikiwa ukiwa unaona ziwa kutoka juu kabla ya saa tatu asubuhi, maji yaking'aa kati ya milima, na bado una nguvu ya kucheka na wenzako.

## Hatua ya 11: Kushuka kona hamsini na saba

Kwa wanaorudi Chimala na gari. Shuka kukiwa na mwanga, kabla ya saa kumi na moja jioni. Kabla ya kona ya kwanza ingiza gia nzito, ya kwanza au ya pili, na ubaki nayo hadi chini. Injini ndiyo ikushikilie. Anayeshuka kwa kukanyaga breki mfululizo huzichemsha, na breki zilizochemka hukanyagika bila kushika kitu.

Ukisikia harufu kama ya mpira unaoungua, tafuta sehemu pana, egesha, weka jiwe kubwa nyuma na mbele ya gurudumu, zima gari, subiri dakika 20. Usimwagie magurudumu maji ya baridi. Chuma cha moto hupasuka. Tumia muda huo kushuka na kutazama nyuma: ukuta ulioushuka uko juu yako, na asubuhi ulikuwa umesimama pale kwenye nyasi za juu kabisa.

Endelea polepole. Kwenye kona za mwisho joto la Usangu linaingia dirishani na unaanza kuvua sweta. Chimala kuna chai ya moto na viazi vya kukaanga. Kabla hujaingia barabara kuu, mpigie simu askari umwambie mmefika salama, maana naye anasubiri kujua.